Safari ya Iringa na Tela Nyuma Yetu

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu Mtukufu anatukumbusha neema ya wanyama wanaotubebea mizigo yetu mpaka miji ambayo bila ya wao tusingaliifikia ila kwa mashaka makubwa. Kisha, baada ya kutaja farasi, baghala na punda, anatufahamisha kuwa Yeye huumba na tusivyovijua. Wengi katika wafasiri wa zama zetu wameviingiza humo vyombo tunavyovipanda leo. Kwa hiyo si ajabu, ndugu wasomaji, ukurasa kama huu kuzungumza habari za gari. Twataka kuwasimulia, khasa vijana wanaoanza kushika usukani, habari za njia moja na mzigo mmoja: njia itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, na tela lililofungwa nyuma ya gari la nyumbani.

Njia yenyewe ina tarekhe yake. Ndiyo ile iliyoitwa Tan-Zam, ikatiwa lami katika miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia ikalazimika kutafuta mlango wa bahari kwa upande wetu. Kabla ya lami hiyo, madereva waliokuwa wakipeleka mafuta Zambia waliiita njia ya Jahanamu, kwa matope na maporomoko yake. Bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968 magari hayo yalipungua, lakini malori hayakuiacha njia. Hata leo wenye njia ni malori ya Zambia na ya Kongo. Sisi wenye magari madogo ni wageni wao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, yapita mbali na mji wa Iringa, na treni mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 huelekea Dodoma. Mwenye kwenda Iringa na vyombo vyake hana budi na barabara.

Nasi tulikuwa na vyombo. Shangazi yetu alifiwa na mumewe huko Dar es Salaam. Akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi kama sharia ilivyoamuru. Mirathi ikagawanywa, kila mwenye haki akapewa haki yake, na mambo yalipokwisha akachagua kwenda kukaa na binti yake Iringa. Ilitupasa sisi, watoto wa kaka yake, kumpeleka. Alikuwa na kitanda cha samadari, kabati la mninga, cherehani ya miguu, masufuria ya shughuli, magodoro, mikeka na mazulia, magunia mawili ya mchele wa Kyela aliyokusudia kuwapelekea wenyeji wake, na sanduku la vitabu vya marehemu. Ilikuwa ni nyumba ya miaka arubaini, na yote ilitakiwa iingie katika tela moja.

Tela lilikuwa la jirani yetu, naye alituazima bila ya kutaka malipo. Hapa yafaa vijana wakumbuke jambo ambalo wengi hulipuuza. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kitu cha kuazima kimo katika dhamana ya mwenye kuazima: kikiharibika mkononi mwake kwa jambo lisilokuwa matumizi yaliyoruhusiwa, atalipa, hata kama hakukusudia. Na mafakihi wa kale walipozungumza habari za kukodi mnyama walisema kwamba mtu akiafikiana na mwenyewe juu ya kiasi fulani cha mzigo, kisha akazidisha, na mnyama akafa kwa kuzidishiwa, ni juu yake dhamana. Waliandika hayo kwa ajili ya ngamia na punda, lakini hatuoni tofauti yoyote iliyopo baina ya mgongo wa punda na ekseli ya tela.

Basi tukaanza kwa kulitazama tela lenyewe. Kwenye mkono wake wa mbele palikuwa na kibati cha chuma kilichoandikwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, tela pamoja na mzigo: kilo 1,400. Kitabu cha gari nacho kilisema gari laweza kuvuta zaidi ya hapo, na kijana mmoja miongoni mwetu akafurahi sana kusikia hivyo. Lakini katika vipimo viwili hufuatwa kile kilicho kidogo. Tena tela lilikuwa na breki zake lenyewe, za namna ile inayojikaza pindi tela linapousukuma mkono wake mbele. Hilo si jambo dogo. Katika nchi nyingi za Ulaya tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo, kwani likizidi hapo breki za gari peke yake hubebeshwa kazi zisizoiweza.

Tairi za tela zilikuwa na kashata nzuri, zikionekana kama mpya. Walakini kila tairi huandikwa ubavuni tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa kwake: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yenye 2319, kwa mfano, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Moja katika tairi za tela ilikuwa na umri uliopita miaka kumi. Tela hukaa uani likipigwa na jua mwaka mzima, tairi zikaoza kwa ndani ilhali kashata haijaisha. Tukanunua nyingine kwa fedha zetu, wala hatukumdai jirani.

Vijana wa mtaa walikuja kupakia. Kwa kuwa kabati ndilo zito kuliko vyote, walilipeleka nyuma kabisa, ili vitu vyepesi viwe karibu na mlango kwa kushushwa kwanza. Sanduku la vitabu wakaliegemeza hapo hapo. Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Tukalipeleka tela kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, likatoa kilo 1,560. Kisha tukaweka chini ya mkono wa tela ile mizani ya nyumbani ya kupimia watu, juu ya gogo, ili tujue mkono huo unalilalia gari kwa uzito gani. Tukapata kilo 55 tu.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayoua watu, nayo haionekani. Tela la ekseli moja ni kama mzani wa duka: mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mkono wa mbele huinuka, na tela likawa halina kinacholishika sawasawa barabarani. Kwa mwendo wa pole halijulishi kitu. Likifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pepo ya basi moja tu yatosha kulianzisha kupepesuka kushoto na kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka mkia ukalipeleka gari utakako. Wenye ujuzi wa mambo haya hutaka mkono wa tela ulilalie gari kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela, au kuzidi kidogo, maadamu haupiti kile kilichoruhusiwa kwa chuma cha kuvutia. Kwa tela letu ilitakiwa ipate kilo 130 au zaidi.

Ilipasa basi tupunguze, tena tupange upya. Na hapa ndipo palipokuwa na uzito usiopimika kwa mizani. Kabati la mninga lilikuwa kilo 140. Sanduku la vitabu lilikuwa 120. Magunia ya mchele 100. Kijana wetu akasema, "Gari hili lavuta nyumba nzima. Tupige bismillahi twende, kilo mia na kitu hazina neno." Hakuwa na nia mbaya, alimwonea shangazi yake huruma, na hakuna aliyependa kumwambia mjane kwamba baadhi ya vitu vyake vitabaki. Tukamkumbusha habari aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache bila kufungwa na kutegemea, naye akaamrishwa afunge kisha ategemee. Tukamkumbusha pia ile ya Abu Daud, ya ngamia aliyemwona Mtume (S.A.W.) akalia, na Mtume akamwambia mwenyewe kuwa mnyama huyu ameshitaki kwamba humtia njaa na kumchosha kwa kazi. Ngamia aliweza kulia. Tela halilii, hukaa kimya mpaka mteremkoni.

Shangazi alikuwa amekaa barazani akisikia yote. Akasema, "Wanangu, kabati liacheni."

Tukamwambia, "Shangazi, twaweza kuacha vitabu. Kabati ni lako tangu arusi yako."

Akasema, "Kabati nilikuwa nikilifungua mimi. Sanduku alikuwa akilifungua yeye kila siku baada ya alfajiri. Kabati litakuja na lori, likija. Na mchele mpeni huyu jirani mwenye tela gunia moja, jingine wagawieni majirani, huko Iringa kuna chakula."

Hakuna aliyejibu kitu. Tela likashushwa lote, likapakiwa tena: sanduku la vitabu na cherehani juu ya ekseli na mbele yake kidogo, chini kabisa, magodoro na mikeka nyuma na juu. Mizani ikasema 1,320, na mkono wa tela 135. Turubai likafungwa kwa kamba mpya. Minyororo miwili ya kuzuia tela lisitoroke ikafungwa kwa kupishana chini ya mkono, ili mkono ukichomoka udakwe na minyororo usichimbe barabara. Waya wa taa ukajaribiwa, mtu mmoja akisimama nyuma. Watoto wakaambiwa kwamba juu ya tela hapapandi mtu, hata kwa hatua kumi za uani. Twajua ni desturi katika nchi yetu kuona vijana wamekaa juu ya mizigo wakiimba. Ni desturi mbaya.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Watoto waliisoma dua ya safari iliyomo katika Sura ya Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, ambayo ndani yake msafiri hukiri kwamba chombo hiki asingalikiweza kwa nguvu zake, na kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Siku nyingine huisoma kwa haraka, lakini siku hiyo, wakitazama turubai kwenye kioo cha nyuma, waliisoma pole pole. Wakati wa kutoka mtu mmoja akafanywa amiri wa safari kama sunna inavyoelekeza watatu na zaidi, na amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba hatutapita kilomita 70 kwa saa popote, wala asilaumiwe dereva kwa kuchelewa. Sababu ni ya hesabu. Mwendo ukiongezwa kutoka 60 hadi 80, nguvu inayotakiwa ili kuisimamisha gari haiongezeki kwa thuluthi, bali hukaribia kuwa mara mbili. Na nyuma yetu kulikuwa na zaidi ya tani moja isiyo na macho.

Baada ya Kibaha jua lilipanda. Huko Vigwaza malori yalikuwa katika mstari mrefu wa kungoja mizani. Chalinze, pale njia inapogawanyika, moja ikaelekea Tanga na kaskazini na nyingine Morogoro, tulishuka kunywa chai. Kila tuliposimama, dereva alitangulia kulizunguka tela: akatazama kamba, akapeleka kiganja karibu na vitovu vya magurudumu kuona kama beringi zimepata moto, akagusa tairi. Joto la kiasi ni la kawaida. Gurudumu likiwa na moto kuliko mwenzake, hapo pana ugonjwa. Hatukuona kitu. Milima ya Uluguru ikatutokea ikiwa na mawingu kichwani, tukapita Morogoro bila ya kuingia mjini.

Kiasi cha mwendo wa saa moja mbele yake, mahali barabara imenyooka, basi moja likatupita kwa kasi kubwa. Kwanza pepo yake ikalisukuma tela kando, kisha, lilipokwisha kupita, ikalivuta. Tuliliona tela kwenye vioo likipepesuka mara moja, mara mbili. Dereva hakukanyaga breki wala hakupigana na usukani. Aliushika wima, akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likapungua mwendo lenyewe. Mara ya tatu mpepesuko ulikuwa mdogo, ya nne haikuwapo. Kijana wetu, aliyekuwa amekaa mbele, akageuka akamtazama shangazi yake, kisha akatazama barabara, na hakusema neno mpaka Mikumi. Kama kabati lingalikuwa mkiani, hatujui kama mpepesuko ule ungalikwisha.

Ndani ya mbuga ya Mikumi, iliyotengwa mwaka 1964 kuwa hifadhi ya taifa, barabara hukata kiasi cha kilomita 50. Mabango huamuru mwendo wa pole, matuta yako mengi, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Kwa mwenye tela matuta haya ni mtihani: gari hulipita taratibu, dereva akasahau, akaongeza mafuta kabla magurudumu ya tela hayajafika. Watoto waliona pundamilia, nyumbu na twiga wawili karibu kabisa na lami. Nyani walikuwa wamekaa kandokando wakingoja kutupiwa maganda, jambo ambalo ni marufuku, na watu hulifanya.

Katika mji mdogo wa Mikumi tuliingia msikitini jamaa ya adhuhuri ikisimama. Hapa twapenda kuwakumbusha wasafiri: mwenye kusali nyuma ya imamu mkaazi hukamilisha rakaa nne, hata kama safari yake yamruhusu kupunguza. Tulisali nne pamoja na wenyeji, tukiwa tumetia nia ya kukusanya, kisha tukasimama palepale kwa alasiri tukaisali rakaa mbili. Wenyeji walitukaribisha maji ya kunywa. Mzee mmoja alipoona tela akauliza mzigo ni wa nini, na alipoambiwa akaenda mpaka kwenye dirisha la gari akampa shangazi pole ya msiba, kama kwamba alimjua marehemu.

Toka hapo njia hubadilika tabia. Vilima vya Iyovi vina pindapinda na miteremko, na kingo zake zina alama za magari yaliyoanguka. Kanuni ya mteremko ni kuingia gia ndogo juu, kabla ya kuanza kushuka, ili injini ilizuie gari, na breki ziguswe kwa vipindi. Anayeshuka na gia kubwa akikanyaga breki njia nzima hufika katikati breki zimekwisha kwa moto, na mguu wake unakanyaga hewa. Kisha hufika Ruaha Mbuyuni, kwenye joto kali, vitunguu vimetundikwa kandokando katika nyavu nyekundu, na baada yake bonde la mibuyu, maelfu kwa maelfu, likifuatana na mto Ruaha Mkuu. Watoto waliuliza kama mibuyu ile ilipandwa na watu. Mahali pazuri kuliko hapo katika safari nzima hatukupaona. Kwa bahati mwendo wetu ulikuwa wa kutosha kupatazama.

Kisha Kitonga. Asiyeijua adhani kuwa ni mlima wa barabara kupanda na kwisha. Kumbe ni ukuta, na barabara imechongwa ubavuni mwake kwa kona zilizokunjana, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori moja likiharibika hapo, mkoa mzima husimama. Morogoro ni kiasi cha mita 500 juu ya bahari na Iringa hupita 1,500, na kila mita 1,000 injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Tuliingia gia ya pili chini kabisa, nyuma ya lori la Zambia, tukaacha nafasi ya kutosha lori likirudi nyuma. Kizuia baridi cha gari kikazimwa, madirisha yakafunguliwa, macho ya dereva yakawa kwenye kipimo cha joto la maji. Sahaba Jabir amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba walikuwa wakipanda husema Allahu Akbar na wakishuka husema Subhanallah. Shangazi ndiye aliyeanzisha takbiri. Watoto wakamfuata, kwa kila kona mara moja, na zile kona hazikuwa chache.

Tulifika Iringa baada ya magharibi, baridi imeanza. Binti yake alikuwa mlangoni. Kitu cha kwanza kushushwa, kwa amri ya mwenyewe, kilikuwa sanduku, nalo lilishushwa na yule kijana wetu pamoja na watu watatu.

Siku ya tatu tulirudi na tela tupu, ambalo lina ubishi wake: huruka juu ya matuta na kulia kama debe, na dereva akajiona hana mzigo. Kitonga tuliishuka kwa gia ile ile tuliyopandia, watoto wakisabihi. Jirani alipewa tela lake limeoshwa, na tairi mpya tukamwachia. Kabati la mninga lingali kwetu. Mwenye lori ametuahidi nafasi atakapokwenda na saruji.